UZI: Shukrani yenye jina, saa na mtu wa kumpelekea (sala kazini, jikoni na pwani, Unguja na Pemba)

Mwalimu_wa_Mkunazini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wa Unguja, Pemba na wote mnaopita hapa.

Nafungua uzi wa kazi, kwa hiyo aje mtu na swali, na mwenye ujuzi ajibu. Wakristo wengi tunasali kila siku na bado sala haitubadilishi. Ukisikiliza sala zenyewe utaona sababu. Shukrani hupewa sentensi moja mwanzoni, "Asante Bwana kwa uzima na afya", kisha haja zinafuata hadi amina. Sentensi ile ikishazoeleka hutoka mdomoni yenyewe, moyo ukiwa umeshafika Darajani kununua mchele.

Msimamo wangu ni huu: shukrani haikui kwa kungoja hisia. Hukua ikiwa na jina la jambo lililotendeka, saa yake katika siku, na mtu wa kumpelekea. Tazameni Luka 17. Wakoma kumi walitakaswa, tisa wakaenda zao, mmoja akarudi, akaanguka kifudifudi miguuni pa Yesu, naye alikuwa Msamaria. Wale tisa huenda walifurahi kupita kiasi, ila furaha yao haikumfikia aliyewaponya.

Anzeni na daftari la kawaida la skuli. Fungua kurasa mbili zinazotazamana: kushoto shukrani, kulia maombi. Upande wa kulia piga mstari uache safu nyembamba pembeni ya kuandika tarehe ya jibu. Kila jioni andika shukrani tatu tu. Moja iwe ya mtu, moja ya kitu ulichokiona au kukila, na moja itoke ndani ya jambo gumu la siku hiyo. Usirudie jambo lile lile ndani ya siku saba. Hiyo kanuni ya kutorudia ndiyo inayofanya kazi kubwa, maana ukijua kwamba jioni huwezi kuandika "uzima" tena, unaanza kutazama tangu asubuhi.

Mfano wa shukrani iliyoandikwa vibaya: "Asante kwa riziki." Iliyoandikwa vizuri: "Muuza samaki wa Malindi ametupimia vibua kwa bei ya juzi, na leo bei imepanda." Ya pili ina mtu, mahali na tendo. Unaweza kumwombea mtu huyo kwa jina, na kesho unaweza kumwambia ahsante.

Maombi upande wa kulia yasizidi matano kwa wakati mmoja, na kila moja liandikwe kwa namna ambayo utaweza kujua likijibiwa. "Bwana bariki familia" huwezi kulifuatilia. "Bwana, mpatanishe kaka na shemeji kabla ya harusi ya mtoto wao" unaweza. Jibu huwa ndiyo, bado, au hapana, na zote tatu huandikwa. Anayeandika ndiyo peke yake atajikuta anamfanyia Mungu hesabu za duka.

Jambo dogo la vitendo: wakati wa masika karatasi hunyonya unyevu na wino wa jeli husambaa mpaka maandishi hayasomeki. Tumieni bolpeni, na daftari likae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mbali na ukuta wa chokaa.

Mama_Jumuiya_Shangani

Tumsifu Yesu Kristo.

Mwalimu umesema vyema. Naongeza utaratibu wa usiku, ule wa kupitia dhamiri alioufundisha Mtakatifu Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, katika karne ya 16. Kwetu Wakatoliki unajulikana, lakini hakuna kinachomzuia Mwanglikana, Mlutheri au Mpentekoste kuutumia. Dakika 12 zinatosha:

1. Shukrani, dakika 3. Pitia siku na utaje uliyopokea.
2. Kuomba nuru ya Roho Mtakatifu, dakika 1, ili uone siku kama Mungu anavyoiona.
3. Kuipitia siku saa kwa saa, dakika 5: ulipoamka, njiani, kazini, mezani. Wapi ulimkaribia Mungu, wapi ulimkimbia?
4. Kuomba msamaha, dakika 2, kwa jambo moja au mawili mahsusi.
5. Kesho, dakika 1. Chagua jambo moja utakalolifanya tofauti.

Watu huharibu pale wanapoanza na namba 4. Mtu anakaa, anajihesabia makosa, anachoka, analala na huzuni, na baada ya wiki anaacha. Shukrani imewekwa mwanzo kwa makusudi: aliyekwisha kuona alivyopendwa anaweza kuyatazama makosa yake bila kuyakimbia na bila kukata tamaa.

Kosa la pili ni kufanya sala hii umelala kitandani. Utafika namba 2, usingizi ukuchukue. Kaa kwenye kiti au mkekani, mgongo umenyooka, simu iwe chumba chengine.

Mhudumu_Nungwi

Shikamooni. Swali kwa wanaofanya kazi za hoteli. Wiki hii shifti ya asubuhi, wiki ijayo usiku. Saa maalumu ya sala haipo. Na Jumapili ndiyo siku wageni wanaondoka na wengine wanaingia. Mtu wa hivi afuate nini?

Mwalimu_wa_Mkunazini

Marahaba, mwanangu. Mwenye shifti asifunge sala kwenye saa, aifunge kwenye matendo yasiyokosa siku yoyote. Chagua matatu: kuvaa sare, kukaa kula, kuvua viatu ukirudi. Kabla ya sare, mstari mmoja wa Zaburi na kuiweka kazi mikononi mwa Bwana. Kwenye chakula, shukrani ya kweli, hata kama ni ya kimya kwa sababu mmekaa wengi. Kwenye viatu, shukrani tatu za daftari. Danieli 6:10 inasema alipiga magoti mara tatu kila siku, akasali na kushukuru, na jambo hilo alilifanya akiwa mtumishi wa serikali ya kigeni mwenye kazi nyingi.

Katikati ya kazi tumia sala ya pumzi moja. Mstari wa Zaburi 103:2 unagawanyika vizuri: ukivuta pumzi, "Ee nafsi yangu", ukitoa, "umhimidi Bwana". Anayetandika vitanda anaweza kuisema kila anaponyoosha shuka, na chumba hicho akamwombea mgeni atakayelala humo. Anayeendesha gari asali macho wazi, na zile sala zinazotaka utulivu aziache mpaka gari lizimwe.

Kuhusu Jumapili, usikae miezi bila ibada ya pamoja kwa kusema unasali peke yako. Uliza parokia au usharika wako kama kuna ibada ya katikati ya wiki, au mkutane wafanyakazi watatu wanne baada ya shifti, msome Injili ya Jumapili ile na mwombeane. Nusu saa inatosha.

Mkulima_wa_Mwani_Paje

Na sisi wa pwani? Maji hayana Jumapili wala Jumatatu.

Mama_Jumuiya_Shangani

Dada yangu, swali lako ni zito kuliko linavyoonekana, maana vitabu vingi vya sala vimeandikwa na watu wenye saa ya ukutani. Maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, na bamvu, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, hurudi kila baada ya wiki mbili hivi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Aliyejiwekea sala saa moja asubuhi atakuta saa hiyo hiyo, siku chache mbele, yuko majini. Akishindwa mara mbili tatu hudhani imani yake ni dhaifu, na kumbe kilichoshindwa ni ratiba.

Kwa hiyo gawa mwezi wako kufuata maji. Siku za bamvu ndizo za kazi, kwa hiyo sala fupi tu: moja kabla ya kukanyaga maji, na nyengine wakati wa kufunga mbegu za mwani kwenye kamba. Kamba moja, mtu mmoja. Ukianza kufunga kamba, taja jina la mtu. Kila tai-tai (kikamba kidogo cha kufungia mbegu) unayoifunga, mwombee jambo moja. Kamba ikiisha, mshukuru Mungu kwa ajili yake na uanze nyengine. Mikono inajua kazi yake, kichwa kiko huru. Siku za maji mafu, yasiyopwa sana, ndizo za kukaa na Biblia muda mrefu, kuandika daftari na kwenda kuungama kama ni desturi ya kanisa lako. Daftari usilipeleke pwani.

Shukrani ya pwani nayo iwe na jina. Siyo "asante kwa bahari", bali "mwani wa kamba za upande wa mwamba haukukatika juzi upepo ulipogeuka".

Msomaji_wa_Zamu

Naleta hesabu ya Zaburi kwa wanaotaka kuzipitia zote. Ziko 150, kwa hiyo tano kwa siku humaliza mwezi. Chukua tarehe ya leo, ongeza 30 mpaka ufike mwisho. Tarehe 7 unasoma 7, 37, 67, 97 na 127. Tarehe 29 utakutana na ya 119, yenye mistari 176. Iache, uipeleke tarehe 31, au uigawe, kwa kuwa ina mafungu 22 ya mistari minane minane. Kitabu cha Sala cha Waanglikana nacho kinagawa Zaburi zote kwa siku 30, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza asubuhi ni Zaburi 1 hadi 5, jioni 6 hadi 8.

Kwa anayeanza, tano ni nyingi. Asome moja kati ya hizo tano, kwa sauti, polepole, mara mbili, achague sentensi moja ya kutembea nayo. Kusoma kimya kwa haraka ndiko kunakofanya mtu amalize Zaburi tano asikumbuke hata moja.

Neema_Chake

Naomba niulize jambo linaloumiza. Ukienda msibani unasikia mfiwa anaambiwa "mshukuru Mungu kwa kila jambo, usilie". Mama aliyezika mtoto jana anaambiwa ashukuru. Je, huo ndio ukuaji wa imani?

Mwalimu_wa_Mkunazini

Hapana, dada Neema, na nakushukuru kwa kuuliza.

Mtume Paulo ameandika "shukuruni kwa kila jambo" (1 Wathesalonike 5:18), na katika barua hiyo hiyo, sura ya 4, anawafariji waliofiwa. Hakuwakataza kuhuzunika; alitaka wasihuzunike kama wasio na tumaini. Bwana wetu mwenyewe alimlilia Lazaro, akijua atamfufua.

Mfiwa mpe Zaburi ya 13. Ina mistari sita. Miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne, miwili inayofuata inaomba, na miwili ya mwisho inatumaini. Asome miwili ya kwanza kwa siku au wiki anazohitaji. Asisukumwe kwenye wa tano na wa sita kabla hajafika. Na kwa yule ambaye giza halijaondoka, ipo Zaburi ya 88, inayokwisha katika giza bila neno la shukrani hata moja, na bado ni Neno la Mungu na ni sala halali.

Sisi wa Mkunazini tunalo somo hili mbele ya macho. Kanisa kuu letu la Anglikana limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huo huo. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi, naye amezikwa humo nyuma ya altare. Ndani mnaimbwa sifa kila Jumapili. Nje, uani, kuna sanamu za watumwa wamesimama shimoni na minyororo shingoni. Hakuna aliyesema sanamu zifukiwe ili sifa zisikike vizuri. Anayeingia ibadani hupita karibu na vyote viwili, na shukrani ya Kikristo ina nafasi ya vyote viwili.

Kwa hiyo msibani fanya haya. Kaa. Leta maji, mchele, kuni, chochote kinachohitajika. Usifundishe. Arubaini ikipita na watu wakishatawanyika, rudi, maana hapo ndipo nyumba inapokuwa kimya. Shukrani ya kwanza ya mfiwa huwa ndogo sana, mara nyingi ni kwa watu waliokuja kukaa naye. Ikija, ipokee, usiikuze.

Mama_Jumuiya_Shangani

Naunga mkono, na naongeza onyo. Mwanamke anayepigwa nyumbani asiambiwe "shukuru, ndoa ni msalaba". Huko ni kulitumia Neno kumfunga mtu mdomo. Asindikizwe kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, kinachohudumia waliofanyiwa ukatili, na kiongozi wa kanisa ajue. Na mtu ambaye kwa wiki kadhaa hali, halali, haoni thamani ya kuishi, asidhaniwe kuwa hana imani; apelekwe kwa daktari, na sala ziendelee.

Karafuu_Wete

Salamu kutoka Pemba. Nizungumzie ile nguzo ya tatu ya Mwalimu, mtu wa kumpelekea, kwa sababu ndiyo tunayoisahau zaidi.

Huku Wakristo ni wachache. Anayetusaidia kila siku, kuanzia jirani, dereva wa gari ya abiria, muuguzi hadi mwalimu wa watoto wetu, mara nyingi ni Muislamu. Ukimshukuru Mungu kwa ajili yake na yeye mwenyewe hukumwambia kitu, shukrani hiyo imeishia nusu ya njia. Nashauri hivi: kila Jumamosi fungua daftari, chagua jina moja kati ya yaliyoandikwa wiki ile, mwendee. Taja tendo lenyewe. "Bi Mkubwa, nakushukuru kwa kumkalisha mtoto barazani kwako juzi mvua iliponyesha." Maneno hayo yanatosha. Usigeuze shukrani kuwa mahubiri, maana atahisi ulikuwa na jambo jengine nyuma yake, na atakuwa sahihi.

Mwezi wa Ramadhani ukiletewa futari, pokea kwa mikono miwili, na bakuli lisirudi tupu. Mchana usile hadharani mbele ya wanaofunga. Hiyo nayo ni namna ya kushukuru kwa ujirani.

Kuna jambo la Pemba linalofaa kukumbukwa. Mwaka 1897, mwaka ule utumwa ulipoondolewa uhalali wake Unguja na Pemba, Marafiki, wale wanaoitwa Quaker, walianza kazi yao kisiwani kwetu miongoni mwa walioachwa huru. Ibada yao ya asili ni ya kukaa kimya pamoja, na mtu husema pale tu anaposukumwa na Roho. Hata asiye wa kanisa hilo anaweza kuchukua dakika tano za kimya namna ile mwisho wa sala, baada ya shukrani na maombi. Mawazo yatazurura. Usigombane nayo, likija wazo la deni au la chakula, litaje kwa Mungu kwa neno moja, urudi kimya. Wengi huacha siku ya pili wakidhani wameshindwa, na kurudi huko ndiko zoezi lenyewe.

Na wakati wa sikukuu ya mavuno: ndizi, nazi, mihogo na kuku huingia mnadani baada ya ibada kama kawaida. Karafuu zisiuzwe mnadani. Mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kwa hiyo anayetaka kutoa sadaka ya karafuu azipeleke kituoni zikiwa kavu na safi, zimechambuliwa makonyo, alete fedha. Jambo lenye baraka lisianze kwa kuvunja sheria.

Mama_wa_Watatu

Watoto je? Sala ya mezani imekuwa mbio, wanasema "amina" kijiko kiko mdomoni.

Mama_Jumuiya_Shangani

Sala ya mezani iwe fupi ili iwe ya kweli. Kila siku mtoto mmoja tu, kwa zamu, ataje kitu kimoja kilichopo mezani na mtu aliyekifanya kifike hapo: aliyevua samaki, aliyekuna nazi, aliyekwenda dukani. Kisha Baba Yetu au sala mliyoizoea, basi. Haizidi dakika mbili. Wote wakisema kila siku chakula kitapoa na watoto wataichukia sala.

Mtoto akisema "sishukuru kitu leo", mzazi asikemee. Amwulize kimetokea nini skuli. Jibu lake ndilo la kuombewa. Na wazazi washukuriane mbele ya watoto, kwa tendo lenye jina. Mtoto asiyewahi kumsikia baba akimwambia mama ahsante kwa mchuzi hatajifunza kwa kukaririshwa.

Mhudumu_Nungwi

Ahsanteni sana. Moja la mwisho: ukikosa siku nne tano, unajaza za nyuma?

Mwalimu_wa_Mkunazini

Usijaze. Shukrani za kukumbuka kwa nguvu huwa za jumla, na daftari hugeuka kuwa deni. Andika tarehe ya leo chini ya ile ya mwisho, uendelee. Lakini kama pengo linarudi kila wiki siku ile ile, tazama siku hiyo ina nini, uhamishe sala kwenye tendo jengine.

Neema_Chake

Na bibi asiyejua kuandika, tena macho yamepungua?

Karafuu_Wete

Bibi atumie vidole vya mkono wa kushoto. Gumba ni mtu wa nyumbani, kidole cha pili jirani, cha kati chakula cha leo, cha nne jambo gumu, cha mwisho ni mtu ambaye bibi hakumpenda leo. Anashika kidole, anataja, anahamia kingine, akifika cha mwisho anamwombea huyo mtu na kumsamehe. Jumapili mjukuu akija, bibi amtajie moja ya wiki hiyo, mjukuu amwandikie na kumsomea ya wiki iliyopita. Kama mjukuu yuko mbali, bibi airekodi kwenye simu na amtumie. Ila afundishwe kitufe kimoja tu, cha kurekodi, na anayemfundisha akae naye mpaka aweze kukibonyeza mwenyewe mara tatu.